Siku Tisa Bila Choo

Kaka yangu alifika kwangu Nyahanga Jumapili moja mchana, akitokea machimboni upande wa Kharumwa. Alishuka kwenye bodaboda polepole, mguu mmoja, akatulia, kisha wa pili, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. Nilikuwa uani nachambua kunde. Nilimwona akija, kiganja cha kushoto amekikandamiza chini ya kitovu, nikasahau hata kusimama.

Marehemu baba alitembea hivyo mwaka wake wa mwisho.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Kuna maji ya kuoga?"

Hakuuliza habari za watoto, wala za shule ninayofundisha. Alioga, akaja mezani, akala vijiko vitatu vya wali akaisogeza sahani. Mtu ambaye tangu utoto alikuwa akimaliza chakula chake na kuangalia cha wenzake! Mama yetu, ambaye naishi naye tangu baba afariki, alikuwa ameketi mbele yake. Aliitazama ile sahani kwa muda, akanyanyuka akaenda chumbani kwake. Nilipomfuata nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, kanga ameikunja mapajani.

"Ni lile lile tumbo la baba yenu," aliniambia. "Lilianza hivi hivi."

Kwetu dada hamuulizi kaka yake mambo ya chooni. Lakini nilirudi sebuleni, nikakaa karibu naye, nikauliza.

"Kaka, hujapata choo siku ngapi?"

Aligeuza uso akatazama mlango. "Tisa."

Alikuwa amemeza vidonge vya kufungua choo kutoka duka la dawa, mara mbili. Vilimletea maumivu tu, na damu kidogo. Tumbo lake nililigusa kwa vidole viwili juu ya fulana. Lilikuwa gumu kama ngoma iliyowambwa juani.

Ndipo akanieleza jinsi anavyoishi kule. Asubuhi chai na maandazi. Mchana chipsi mayai. Jioni ugali wa sembe, ule mweupe pe, na nyama ya kuchoma. Mboga za majani hakumbuki alizila lini. Maji alikuwa anayakwepa kwa makusudi, kwa sababu ukishateremshwa kwa kamba duarani, lile shimo la kuchimbia, huwezi kuomba upandishwe kila unapobanwa haja. Kwa hiyo hunywi, na ukibanwa unajikaza. Baadaye mwili unaacha kukukumbusha. Alikuwa ameishi hivyo miaka sita.

"Lakini hili si la chakula," alisema. "Kuna mtu tuligombana naye kule. Aliniambia tumbo langu litanifunga. Kesho nataka nirudi, kuna mganga anasifika."

Maneno hayo yalinitisha kuliko ile damu. Baba naye tulimpeleka kwa mganga. Tulimpeleka kwa waganga watatu, mmoja baada ya mwingine, na tulipofika hospitali hakuwa tena na nguvu ya kuongea. Majirani walisema amerogwa, nasi tukaitikia, maana kuitikia kulikuwa rahisi.

Jumatatu asubuhi nilituma ujumbe shuleni kuomba ruhusa. Kaka alikataa kwenda hospitali. Ni mama aliyemaliza ubishi. Alisimama mlangoni, mzee yule mfupi, akasema kwa Kisukuma kwamba ameshamzika mume kwa ugonjwa uliofichwa kwa aibu na hatamzika mtoto. Kaka aliinuka akavaa viatu.

Hospitalini daktari, kijana mwenye sauti ya chini, alimpima, akampeleka kupigwa picha ya tumbo, kisha akatuita. Kinyesi kilikuwa kimekauka na kuziba sehemu ya chini ya utumbo. Vile vidonge vilikuwa vinasukuma mlango uliofungwa.

"Mngekaa siku mbili tatu zaidi, utumbo ungeweza kutoboka," alisema. Akaandika kitu, kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Mzee wenu alifariki kwa nini?"

Tulitazamana.

"Tumbo," kaka akasema.

Daktari aliweka kalamu chini. Alisema angependa kaka aende hospitali kubwa akaangaliwe ndani ya utumbo kwa kamera, kwa ajili ya ile damu na kwa ajili ya baba.

Alilazwa siku nne. Dripu, dawa ya kuingizwa kwa nyuma, na mambo mengine ambayo aliniomba nisimsimulie mtu. Alitoka amekonda, macho yameingia ndani, tumbo limelala. Nikampeleka kwangu nikiwa nimeazimia kumponya kwa jiko langu.

Hapo nilikosea. Nesi alikuwa ameniambia apate vyakula vyenye nyuzinyuzi, nami siku ya kwanza nikampikia vyote: ugali wa dona mtupu, maharage sahani nzima, mlenda, papai. Kesho yake tumbo lilikuwa limejaa tena. Alijilaza sakafuni akiwa amekunja magoti, na mama akaanza kulia bila sauti. Nilimpigia nesi. Aliuliza kama anatapika, na kama anatoa hewa. Hatapiki, hewa inatoka. "Basi ni gesi," akasema. "Mwalimu, umemshtua. Anza kidogo kidogo. Na maji, maji, maji."

Tukaanza upya. Niliondoa kikombe kimoja cha sembe kwenye unga, nikaweka kimoja cha dona. Wiki iliyofuata viwili. Alipoona rangi ya ugali inabadilika alinuna.

"Unanilisha pumba. Hiki chakula cha kuku."

"Ulikulia hicho hicho," mama akamjibu.

Ni kweli. Tulikulia dona na ugali wa mtama, na asubuhi michembe, yale mapande ya viazi vitamu vilivyokaushwa, yakichemshwa na karanga. Tulipopata ajira tuliona hivyo ni vitu vya umaskini, tukaviacha. Sasa nilivirudisha, badala ya maandazi. Mama wa Kihindi mwenye duka ninalonunua nafaka alinishauri nichukue choroko zenye maganda yake, nichanganye kiganja kimoja tu kwenye mboga yoyote. Chungwa nilimwambia kaka asikamue juisi, ale lote na nyuzi zake. Chupa ya maji niliiweka mkononi mwake, si mezani. Na kila baada ya chai alikwenda chooni akakaa, hata kama habanwi, mpaka mwili ukakumbuka.

Mwezi wa pili tangu alazwe tulikwenda hospitali kubwa. Walikuta kinyama kidogo utumbo wa chini, wakakiondoa, wakakipeleka kupimwa. Tulisubiri majibu wiki tatu, na katika wiki hizo hakuna aliyemtazama mwenzake machoni nyumbani. Hakikuwa saratani. Ila daktari wa huko alisema kingeachwa miaka kadhaa kingeweza kuwa, kwamba chakula peke yake si kinga, na kwamba kaka arudi kuangaliwa. Kisha akanigeukia mimi. Akasema watoto wote wa yule mzee wapimwe.

Kaka amerudi machimboni. Aliondoka na mfuko wa dona na mwingine wa michembe. Mwanzoni alikuwa akinipigia mwenyewe kunieleza anachopika. Siku hizi nampigia mimi.

"Leo umekula nini, kaka?"

Nasikia winchi ikilia na watu wakiitana. "Nimekula vizuri," ananijibu, halafu anauliza, "Na wewe, ulishakwenda kupima?"

Namwambia nitakwenda shule zikifungwa. Zimeshafungwa mara mbili.