Wanataka greenhouse yangu iwe ya chuo kwa siku moja

Admin, nifiche vizuri tafadhali. Huku Naivasha tunajuana hadi mlango wa ploti.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na nane. Nilianzia Karagita, chumba kimoja cha kukodisha, nikikata maua kwa shamba la watu. Hakuna mtu alinishika mkono. Nilipanda hadi nikawa supavaisa, nikanunua kipande cha shamba karibu na Longonot, nikajenga greenhouse yangu ya nyanya na pilipili hoho. Kitu nilikosa ni digrii tu. Nafasi ya meneja ikitangazwa, naambiwa, "Mathe, kazi unaijua, lakini karatasi iko wapi?"

Miaka mitatu na nusu iliyopita, chuo kimoja cha kibinafsi chenye kampasi Nakuru kiliita mkutano wa wadau. Walikuwa wanapanga digrii mpya ya kilimo cha maua na mboga, wakataka sisi watu wa mashamba tuseme soko linahitaji mtu anayejua nini. Tulikunywa chai, tukapigwa picha, tukasaini kwamba tumehudhuria. Mimi nilisema mwanafunzi lazima ashike udongo kwa greenhouse ya chuo tangu mwaka wa kwanza. Mkuu wa idara, huyu tunamwita Dokta, akacheka. "Mama, wewe si wa kutoa maoni pekee. Wewe ni wa kusoma."

Nikamuuliza mbele ya watu wote, "Dokta, hii kozi imepitishwa?"

"Imepita seneti, mama. Iko sawa kabisa."

Sikujua seneti ni wao kwa wao, walimu wa chuo wakipitisha kozi yao wenyewe. Ikitoka hapo inafaa iende kwa tume ya vyuo vikuu, walimu wahesabiwe, maabara ikaguliwe, ndio mwanafunzi wa kwanza aitwe. Wao walituita sisi kwanza, tume ikawa ya baadaye. Mimi mtu wa kuuliza bei mara tatu kabla ninunue mbegu, nikatosheka na jibu moja.

Na sikuingia peke yangu. Nilimvuta mdogo wangu, nimwite Nafula. Aliacha kazi ya maua kwa sababu nilimwambia, "Hii kozi nilikuwa hapo ikitengenezwa." Tukaanza darasa la wikendi, watu kumi na sita. Mwalimu wa kudumu alikuwa mmoja na alibeba masomo matano. Kugawanya ninajua, nikaona haiingii, lakini nikajiambia chuo kipya ni kama greenhouse mpya, mavuno hayaji msimu wa kwanza.

Juzi tukauliza kuhusu gredi na gauni za mahafali. Dokta akatuita ofisini. "Kuna kitu kidogo kimebaki. Tume inakuja Alhamisi kukagua. Tukipita, alama zenu za miaka hii yote zinahesabiwa."

"Tusipopita?"

Akapanga kalamu zake. Halafu akaniambia nibaki, wengine watoke.

Admin, huyu mtu anataka kuweka bango la chuo kwa geti yangu. Anataka niwaambie wakaguzi kwamba greenhouse ni ya chuo na mimi ni fundi wao wa mazoezi. Mikroskopu zinaletwa kutoka kampasi nyingine, vitabu pia. "Ni siku moja, mama. Jioni tunang'oa bango, unaendelea na nyanya zako."

Hiyo siku moja naijua. Kwa lile shamba la maua nilikoanzia, wanunuzi wa ng'ambo wakituma wakaguzi, tulipewa gambuti mpya, glavu na aproni. Mkaguzi anauliza, "Mnavaa hizi kila siku?" Tunajibu ndiyo, kwa sauti moja kama nasari. Jioni zinakusanywa, moja moja, hata glavu iliyopasuka. Kesho yake tunaingia kwa dawa ya wadudu na mikono mitupu. Niliapa nikiwa na kitu changu, hakitawahi kutumika hivyo.

Nilimwambia Nafula siwezi. Akaniangalia kama mtu wa kuja.

"Dada, wewe una shamba. Mimi nina nini?"

"Ni uongo, Nafula."

"Na ulipokuja kunitoa kazini ilikuwa nini? Kwa hivyo msimamo umeupata sasa, wakati bili ni yangu?"

Darasa lote limeshajua, na simu hainyamazi. Mmoja ameniambia, "Mathe, usituzike ukiwa umeshiba." Wale ndio niliwahi kuwapikia githeri siku za mtihani.

Kuna wenye watasema nifungue tu geti, mfumo ni mbovu, si mimi niliuharibu. Nimewaza hivyo pia. Lakini chuo tayari kinasajili watu wengine wa Septemba, na kwa tangazo wameandika kuna greenhouse ya kisasa. Mtoto wa mtu atasimama mahali nilisimama, aulize swali lile langu: hii kozi imepitishwa? Dokta atamjibu ndiyo, na safari hii atakuwa anasema ukweli. Atakuja na gambuti zake, atafute greenhouse, asiione. Huyo hatakuwa amedanganywa na Dokta. Atakuwa amedanganywa na mimi.

Nikikataa, ni watu kumi na sita miaka yao imeenda, na mmoja wao tulinyonya titi moja.

Bango lililetwa leo asubuhi kwa boda. Limeegemea ukuta wa greenhouse, rangi bado inanata. Nafula ndiye alilipokea. Alhamisi ni kesho kutwa.

Msinitukane, nimejitukana vya kutosha. Nishaurini kama mtu wenu: hilo geti nilifungue, ama nilifunge?