Vidonge Chini ya Kawa

Njaa ndiyo iliyonijulisha kwamba nimepona. Nimesimama dirishani kwetu Mkunazini, muuza mikate ya ufuta anapita chini, nikajikuta natamani. Mimi, ambaye kwa miezi sita chakula kilikuwa kama tambara mdomoni. Niliteremka ngazi mbiombio, nikanunua mitatu, nikaila yote palepale barazani bila ya haya.

Ilikuwa miaka mitatu minne baada ya Mapinduzi. Nilikuwa mwalimu wa skuli, nikaingiwa na huzuni hata kuchana nywele nikashindwa. Wakasema jini, wakasema hasadi, nikafukizwa ubani mpaka nikapiga chafya. Mwisho mume wangu akanipeleka hospitali. Daktari akasema haya ni maradhi kama maradhi mengine, akaniandikia vidonge vidogo vya manjano. Akaniusia: havifanyi kazi kwa siku moja, ningoje wiki tatu nne, mdomo utakauka, ninywe maji, nisizidishe, na nikijiona mzima nisiviache ghafla, nende kwake kwanza. Na papara zangu mimi, siku ya tano nilitaka kuvitupa chooni. Mume wangu akavichukua, akawa ananipa mkononi na kunisimamia mpaka nimeze.

Basi nimepona, vidonge nshakabidhiwa mwenyewe, na furaha imenijaa mpaka nataka dunia nzima ipone. Nyumba ya pili alikuwepo shoga yangu. Wanawe wawili waliondoka kisiwani bila ya kumuaga, na tangu hapo hacheki, halii, anakaa anatazama ukuta. Na mtaani kwetu ukipika bokoboko, sahani ya jirani ndiyo inayotoka mwanzo. Nikapakua, nikafunga vidonge vyangu vitatu kwenye karatasi, nikaviweka pembeni ya sahani, nikafunika kawa.

"Meza kimoja kimoja," nikamwambia. "Utakuja kuniombea dua."

Nikafanya hivyo kila Ijumaa kwa muda wa mwezi, najipunja mwenyewe ili nimpe yeye, na najiona mtu mwema kweli kweli.

Siku ya kurudi kwa daktari nilikwenda kujisifu. Alinisikiliza huku anaandika. Nilipofika kwenye sahani, kalamu ikasimama.

"Huyo mwenzako ana maradhi gani mengine?" akauliza. "Moyo je?"

Moyo anao. Akipanda ngazi hupumzika mara tatu, na mimi nalijua hilo miaka yote.

"Dawa hii nimekupimia wewe," akasema. "Yeye inaweza kumuua."

Sikuaga. Nilitoka mbio, buibui linaniruka, nikampiga kikumbo hamali na gari lake la mkono, akanitukana, nami namwomba radhi huku nakimbia. Kwa shoga yangu nilipiga hodi lakini sikungoja kuambiwa karibu. Nikamkuta amekaa kitandani, mzima.

"Umemeza vingapi?"

"Hata kimoja."

Nilimrukia nikamkumbatia, nacheka, namshukuru Mungu kwa sauti. Yeye akafungua pindo la kanga yake, akanionesha. Vyote vimo.

"Kwa nini hukumeza, shoga?"

"Nlikuwa nangoja viwe vingi," akasema, taratibu, kama tunazungumzia mchele. "Nvimeze siku moja, nkapumzike."

Ni mimi niliyekuwa nikimpelekea, Ijumaa baada ya Ijumaa, na kumfunikia vizuri.

Nilivichukua vile vidonge, nikamvisha buibui, nikamshika mkono na sikuuachia mpaka tukafika mbele ya daktari. Alipoulizwa anaumwa nini, alinitazama mimi kwanza.

"Nna watoto wawili," akasema, "na sijui waliko."

Akalia. Nami nikalia, na yule daktari akatuacha tulie.

Walimpima moyo, wakamlaza siku kadhaa, akapewa dawa yake mwenyewe kwa kipimo chake, na dada yake ndiye akawa mtunzaji wa chupa. Mimi nilibaki na bokoboko tu. Wiki zikapita nikiwa roho juu, kila asubuhi namchungulia dirishani kwake kama yupo.

Halafu mchana mmoja nilikuwa nimesimama barazani nabishana na muuza samaki. Dirisha la juu likafunguliwa kwa kishindo, na shoga yangu akanigombeza mtaa mzima unasikia, ati sina adabu, napiga makelele na watu wamelala. Nikamwacha muuza samaki na samaki wake, nikakimbilia ndani nacheka, kumwita mume wangu aje asikilize.