Kihori cha Mtu Mmoja

Juzi, katika feri ya Likoni, alipanda mtu na debe la sifa. Sifa, kwa wasiojaliwa kuinusa, ni mafuta ya maini ya papa, hupakwa vyombo vya baharini ili mti usinywe maji. Harufu yake ni kama hivi: chukua papa aliyeoza, mzike, mfukue Ijumaa ya pili, kisha mkaange. Feri nzima ilihamia upande wa pili, hata nikaogopa itapinduka. Mama mmoja alijifunika buibui usoni akawa anavuta uradi. Mimi nilimsogelea yule mtu, nikasimama karibu na debe lake, nikavuta pumzi kama niliye katika duka la udi.

Akanitazama kwa wasiwasi. "Mzee, u mzima?"

"Mzima, mwanangu. Namkumbuka babangu."

Akalisogeza debe kidogo upande wangu, kwa adabu, kama mtu amkaribishaye mgeni.

Tulikuwa tukikaa Timbwani, huko huko Likoni, siku hizo, kabla ya uhuru, mimi nikiwa mtoto wa darasa la tatu mwenye magoti makubwa kuliko kichwa. Mamangu alifariki masika yakianza, kwa homa iliyokuja Jumatatu kama mgeni wa njiani, ikaondoka naye Alhamisi. Nyumba ikajaa watu. Hitima ikasomwa, pilau ikaliwa, mikeka ikakunjwa. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kelele zote za matanga huondoka kwa siku moja. Asubuhi yake niliamka nikasikia jogoo wa jirani, nikasikia maji yakidondoka kutoka kwenye makuti, basi. Hata kuku wetu walikuwa wakitembea kwa ncha za vidole.

Baba alikuwa mshika winchi bandarini. Alikuwa na mikono mikubwa. Akikushika mkono, wako ulipotea mpaka kesho yake. Zamani alikuwa msemaji, akirudi kazini na habari za meli zote za dunia, nyingi akiwa amezitunga kivukoni. Baada ya msiba akanyamaza. Tukawa tunakula wawili, sinia moja, na kati yetu ukimya mzito hata ungeweza kuumega kwa vidole ukauchovya kwenye mchuzi.

Aliyezungumza alikuwa Shangazi Mishi, dadake Baba, aliyeolewa Kisauni. Kila Ijumaa alivuka na vitu viwili: sufuria ya wali na jina la mwanamke.

"Swaleh, ndugu yangu, nisikiza. Yuko mwana wa kule Mjambere, mtulivu, ajua kupika, na meno yote anayo."

"Mishi, kaburi hata udongo haujakauka."

"Na masika haya utakauka lini? Wamngojea nani wewe? Huyu mwana atalelewa na nani, na winchi?"

Baba alinawa mikono, akatoka nje. Na huko nje nako walikuwako: jirani mwenye binti, mwenye duka mwenye shemeji, imamu mwenye mpwa. Mjane wa kiume mwenye kazi ya bandarini, wenzangu, alikuwa kama nyama iliyoanikwa. Kila paka aliketi chini yake akitazama juu.

Basi Jumapili moja Baba akaniambia, "Vaa, twende Mtongwe tukatizame chombo."

Moyo wangu uliruka mpaka ukagonga makuti. Chombo! Nilijua maana yake: mimi mbele, Baba nyuma, na bahari yote yetu. Nilipitia kwa rafiki yangu Kassim nikamwambia kwamba kuanzia leo sisi tutavua nyangumi, na kwamba yeye nampa ruhusa ya kula mkia.

Huko Mtongwe alikuwako mchongaji wa Kidigo, Fundi Chirumu, mtu mfupi mwenye kikohozi kirefu. Uwanjani kwake palikuwa na benchi la wanaume waliokuwa wakibishana kuhusu mwambao, kama utabaki na Sultani au utakwenda na Kenya, na hakuna aliyemsikiliza mwenziwe. Mimi haja yangu ilikuwa nyingine. Vyombo vitatu vilikuwa vimefunikwa kifudifudi mchangani, vyote vimechongwa kutoka kwenye gogo zima. Cha kwanza kilikuwa kikubwa, cha kuvulia watu watatu wenye kelele. Cha pili kilikuwa na mbao mbili za kukalia, na ubao wa mbele ulikuwa sawasawa na makalio yangu. Nilijua kwa sababu tulipokigeuza nilikuwa wa kwanza kuingia. Cha tatu kilikuwa kihori chembamba mno. Mwenye shibe asingekaribishwa.

Baba akaenda moja kwa moja kwenye hicho cha tatu. Akakigonga kwa vifundo vya vidole, kutoka omo, ndiyo mbele, mpaka tezi, ndiyo nyuma, huku ametega sikio kama daktari. Mti uliooza hujibu kwa sauti ya tumbo lililojaa. Mti mzima hulia kama ngoma. Kililia. Akakigeuza, akakitia maji ndani, akasubiri aone kama kitatoa jasho nje. Hakikutoa. Wakakishusha pwani, akaketi chini kabisa, miguu ameinyoosha mbele, akajiegemeza kulia, kisha kushoto, polepole, mpaka mdomo wa chombo ukabusu maji.

"Kila chombo kina hasira yake," akasema. "Afadhali kuijua ungali karibu na nchi kavu."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyosema wiki ile.

Fundi Chirumu alikohoa, akanitazama mimi nilivyosimama. "Bwana Swaleh, hicho ni cha mtu mmoja. Na huyu kijana je?"

"Yeye ana shule."

"Shule Jumapili? Kwani amekuwa Mkristo?"

Benchi lote likacheka, hata wa Sultani na wa Kenya wakapatana kwa mara ya kwanza. Baba hakucheka. Alikuwa akihesabu noti zake. Kisha akapiga kafi kurudi nyumbani kwa njia ya maji, nami nikarudi kwa miguu ufukoni, nimebeba viatu vyake. Vilikuwa viatu vizito. Kila nikitazama baharini nilimwona mgongo.

Jioni ile tulikipaka kihori sifa, yeye upande ule, mimi upande huu, kwa matambara. Ndiyo kazi pekee tuliyoifanya pamoja, na ndiyo maana nikaisogelea ile harufu katika feri kama mwenda wazimu. Harufu ile ilinikaa vidoleni, mwalimu akanihamishia dirishani, na dirishani nikafurahi, kwa sababu niliweza kunusa mikono yangu bila kuulizwa.

Tangu hapo, kila siku asiyokuwa na zamu, Baba alitoka na kihori chake kwenda kuvua chewa. Chewa ni samaki wa mdomo mpana na roho mbaya. Huishi mapangoni chini ya miamba, akinasa ndoana hukimbilia shimoni mwake akajitunisha, na hapo hata winchi ya bandarini haimtoi. Katika chombo kikubwa wavuvi husimama wakavutana naye. Katika kihori ukisimama, wewe ndiye unayekwenda kwa chewa. Yataka ukae chini, magoti yabane mbao, mshipi uuvute mara tu akigusa, kisha umlete kwa mbele, kati ya miguu yako, kamwe si kwa ubavu. Haya yote niliyajua kwa kutazama. Nilikaa juu ya jiwe pwani, nikatazama mpaka macho yakaota chumvi.

Siku nyingine alirudi na chewa mkubwa hata paka wa Timbwani walikutana kumjadili. Siku nyingi alirudi mtupu. Na hapo ndipo palipokuwa na jambo lililonisumbua. Nilikuwa nikikiosha kihori anaporudi, nikaona ngisi wa chambo yuko vilevile, hajakatwa hata mkia. Mshipi mkavu. Baba ametoka alfajiri, amerudi adhuhuri, na hakutia ndoana majini. Sasa ukimwona mtu akienda mbali hivyo, akae tu, mtoto atafikiri nini? Nilifikiri: hanitaki. Amenunua chombo kisichonitosha makusudi, apate pa kukaa nisipokuwapo mimi.

Shangazi Mishi naye alitia lake. "Chombo gani hicho chembamba, kama jeneza! Mtu ana mwana, anunua cha mtu mmoja!"

Jumapili moja sikuvumilia tena. Makuli wa bandarini siku hizo walikuwa wakigoma mara kwa mara, na Baba mwenyewe aliwahi kutueleza namna ya kugoma: hupigi, hutukani, unaketi tu. Basi nikaamka kabla yake, nikashuka pwani, nikaketi ndani ya kihori, nikakamata mdomo wa chombo huku na huku.

Akaja na kafi begani. "Shuka."

"Sishuki."

"Shuka, mwanangu, maji yatakupwa."

"Yakupwe. Kama hapana nafasi yangu, basi na wewe usende."

Nilingoja kofi, na kofi la Baba, kwa mkono ule, lingenifikisha Zanzibar bila nauli. Badala yake akakisukuma kihori majini, nami ndani, akajaribu kuingia nyuma yangu. Maji yakaingia pande zote mbili, bila haraka, kama wenye nyumba. Tukabaki tumeketi baharini, chombo kiko chini yetu, maji yametufika kifuani.

"Umeona?" akasema. "Hakikatai kwa chuki. Hakiwezi."

Akakiinua, akakimwaga, akaniweka ndani peke yangu. Kisha yeye akashika tezi akaanza kutembea. Nasema kutembea: maji ya magoti, maji ya kiuno, akikisukuma polepole, shati lake limefura mgongoni kama tanga. Na alizungumza! "Kaa chini. Chini zaidi. Kafi usilichape, litie kama kijiko katika uji. Wimbi likija usilikimbie, lipe pua. Macho yako yasiwe majini, yatizame unakokwenda." Aliniambia kwamba Mama aliogopa bahari, kwamba katika feri alikuwa akifumba macho na kumfinya yeye mkono mpaka ng'ambo. Sikupata kulisikia hilo kabla. Tangu msiba, jina lake halikuwa limetajwa katika nyumba yetu.

Maji yakamfika kifuani, yakamfika shingoni. Akasimama. Mbele yetu rangi ya maji ilibadilika, kijani ikawa buluu nzito.

"Hapa ndipo mwisho wangu," akasema. "Piga kafi kidogo, peke yako. Kisha urudi."

Nikapiga. Chombo kikaenda, chepesi, na ghafula sauti zote zikakatika. Sikusikia pwani, sikusikia watu, ila maji yakigonga mti chini ya mapaja yangu. Hakuna wa kuniuliza kitu, wala wa kunionea huruma. Nikamkumbuka Mama, nikalia kwa mara ya kwanza tangu azikwe, kwa sauti, mdomo wazi, nikijua hakuna atakayenikataza. Nilipogeuka, nilimwona Baba mbali: kichwa tu juu ya maji, kidogo kama nazi. Alikuwa akiita. "Rudi! Basi, rudi!" Nikageuza pua ya chombo kama alivyonifundisha, nikarudi. Uso wake ulikuwa umelowa. Nikadhani ni bahari.

Miaka ikapita. Nilikuwa mtu mzima, nimemaliza masomo yangu ya usiku, najiona najua kila kitu kilicho chini ya jua, alipofariki mumewe Shangazi Mishi. Nikaenda Kisauni kumpa pole. Nilimkuta ndani, yuko edani, amekaa juu ya mkeka katika chumba cha nyuma, amevaa nguo isiyo na rangi, analetewa chakula, na hapana mtu awezaye kumposa wala kumharakisha mpaka eda yake iishe. Nikamshika mkono. Hakuzungumza, yeye aliyekuwa redio ya familia. Baadaye sana akasema:

"Mimi, mwanangu, nimepewa chumba. Mwanamke akifiwa hupewa chumba. Ndugu yangu hakupewa kitu. Siku ya nne alirudi kwenye winchi, na Ijumaa yake nikamletea mwana wa Mjambere. Mwanamume hana eda. Aende wapi?"

Nilivuka kurudi Likoni nimesimama kwenye reli, nikiangalia maji. Alikokwenda Baba nilikujua. Nilikuwa nimefika huko mwenyewe, muda wa kafi chache, nikalia nikatulia.

Baba hakununua chombo kingine. Aliendelea kutoka peke yake mpaka mwisho wa masika yaliyofuata. Ila kuanzia Jumapili ile, akirudi, hakufika na kihori mpaka mchangani. Alikuwa akisimama pale maji yanapobadilika rangi, akashuka, akaniita. Mimi nikaogelea kumwendea, akanipandisha, kisha akatembea nyuma yangu mpaka nchi kavu, akizungumza. Wajukuu wangu huniuliza baba yangu alikuwa mrefu kiasi gani. Nawaambia alikuwa mrefu hata akitembea baharini kichwa hakizami. Wanacheka, wanasema babu ameanza.