Mtoto Wangu Anatema

Mnicheke tu, ninastahili. Nilikuwa nimechukua bunduki yangu mpya ya nusu otomatiki kwa fundi, ya kulengea shabaha klabuni, na kwa mapenzi ya kijinga nikaanza kuiita “mtoto”. Nyumbani kwetu, mtaa wa Husby, nikaijaribu kwa risasi bandia. Ikakataa kuzimeza.

Nikawaandikia wenzangu wa klabu kwenye grupu: “Jamani, mtoto wangu mpya anakataa kula. Nikimlisha anatema.”

Majibu yakamiminika, na mimi hodari sikujisumbua kusoma majina. “Usimshindilie, mpe kidogo kidogo.” Sawa, nikapunguza risasi kwenye magazini. “Mwangalie mdomo.” Nikaumulika mdomo wa magazini kwa tochi. “Mnyanyue wima, umpigepige mgongoni.” Hapo nikasonya, lakini nikampigapiga. Kisha mtu akashauri mafuta ya nazi. Mafuta ya nazi! Nikawajibu kwa dharau: “Kama hamjui kitu, nyamazeni. Kwani mmewahi hata kushika mmoja?”

Baadaye kengele ikalia. Mlangoni walikuwa akina mama wa kanisani kwetu, wa mbele kabeba sufuria ya uji wa mzazi, na pakiti ya nepi kwapani.

“Mimi nimeshika saba,” akasema, “na wote nimewazaa. Mtoto yuko wapi?”

Nikachungulia simu. Grupu ya kanisa.

Nyuma yao alisimama mke wangu na sare yake, katoka kazini Märsta mbio.

“Hebu na mimi nimwone,” akasema. “Pamoja na mama yake.”