Siku Niliyoitafutia Mashine Mbwa na Kaa

Jamani, hili jambo nimelificha tangu lilipotokea, na nalisema sasa kwa sababu Fausta ameshaanza kulisimulia mwenyewe, tena anavyolisimulia yeye mimi natoka mjinga zaidi kuliko nilivyokuwa, kwa hiyo bora mlisikie kwangu.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza, kwetu Njombe, nafundisha hapa Mtwara mjini na nimepanga chumba Rahaleo. Fausta ni mchumba wangu, na kwao ni Kitaya, kule kwenye mto Ruvuma. Jumamosi hiyo nilikwenda kumsalimia baba yake, Mzee Chilumba, kwa mara ya pili tu (mara ya kwanza alinitazama mikono akauliza kama nimewahi kushika jembe), nikakuta kijiji kizima kipo mtoni. Ukingo ulikuwa umebomoka na pampu ya kikundi chao cha kilimo ikadidimia kwenye tope, siku ya tatu hiyo, nyanya zinanyauka, na wanaume walishavuta kwa kamba mpaka viganja vikachubuka na pampu haikusogea, na hakuna aliyependa kusimama pale muda mrefu kwa sababu ya mamba.

Sasa kwenye banda la kikundi, hapo hapo mtoni, kulikuwa na vyuma vya zamani vya kunyanyulia mizigo, vilivyoachwa na Wazungu waliowahi kujenga huko, na kijitabu chake cha Kiingereza, kurasa rangi ya chai, michoro yote imeliwa na mchwa. Mzee Chilumba akanipa.

"Mwalimu, hiki ni cha zamani sana. Utakiweza?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Kamusi ilikuwa kwenye simu, simu mfukoni, ningesema tu "ngoja nitazame, baba." Badala yake nikajibu, mbele ya watu kama arobaini, kwamba hakuna neno la Kiingereza linalonishinda. Nikaketi kwenye chuma fulani kilichokuwa pale, chenye mikono miwili na kama pipa katikati, nikakunja nne, nikasoma.

Neno la kwanza lilikuwa "gin". Nilipolitamka tu akina mama wawili wakarudi nyuma, wakadhani nimesema jini, nikawatuliza kwamba hapana, ni pombe kali ya Wazungu, na kitabu kinasema iwekwe juu ya mzigo. Jin hatukuwa nayo, ikaletwa nipa, ile inayotokana na mabibo, chupa nzima, wakaimimina juu ya pampu (siyo yote, kuna watu walikaa nayo karibu kuliko ilivyohitajika).

Sentensi ya pili ilikuwa na "crab", "fast" na "dog", nami nikaelewa kwamba kaa afanywe awe na kasi, na watu wajihadhari na mbwa. Moyoni nikaona hapa pana kitu, lakini ulimi ulishatangulia.

"Kaa?" akauliza Mzee Chilumba.

"Kaa, baba. Wa kawaida. Waingereza wa zamani walikuwa na mila zao."

Mvuvi mmoja alikuwa na kaa kwenye ndoo, ametoka nao huko chini kwenye mikoko, akatoa dume moja kubwa. Mbwa akaletwa, anaitwa Popi, mpole. Mkwe wangu mwenyewe, na suruali yake ya kanisani aliyoivaa kwa ajili yangu, akaingia kwenye tope kushika kamba ili kaa akianza kwenda kasi yeye awe tayari kuvuta. Nikatoa amri kaa achokozwe na kijiti. Kweli akaenda kasi, moja kwa moja hadi kwa Popi, Popi akainama kumnusa, na kaa akambana mdomo.

Mbwa yule alilia kama mtu, akatimka na kaa ananing'inia, akapita katikati ya miguu ya Mzee Chilumba, mzee akakaa chini taratibu kabisa, tope likamfika kifuani. Nikakimbilia kumwinua, nikateleza, nikamwangukia.

Ndipo akafika Bi Somoe, mama aliyestaafu kazi ya bandarini, ametoka shambani na jembe begani. Akamsaidia mzee kwanza, halafu akaokota kijitabu, akasoma polepole, akanitazama kwa huruma (bora angenitukana).

"Mwalimu, bandarini tulikuwa na mzee mmoja akiviita vitu kwa majina haya haya ya zamani. Hiyo gin ni zile nguzo tatu pale ukutani mwa banda, zinasimamishwa juu ya mzigo. Mbwa ni hiki kidole cha chuma kinachong'ata meno ya gurudumu, mzigo usirudi chini. Na kaa ni winchi. Hawakusema akimbie, hiyo "fast" hapa maana yake afungwe imara."

"Iko wapi hiyo winchi, mama?"

"Ulikuwa umeikalia."

Watu walicheka mpaka wengine wakaketi chini. Fausta alijifunika kanga usoni, mabega yanatikisika. Bi Somoe akasimamisha nguzo, akafunga winchi kwenye kisiki, wanaume wawili wakazungusha, na kabla ya adhuhuri pampu ikatoka inanuka nipa. Jioni maji yakafika kwenye nyanya. Popi naye alipona, ila mpaka leo akiniona anabadilisha njia.

Pampu ilipotoka mimi nilikuwa nimekaa pembeni, tope limeanza kukauka masikioni, nikifikiria basi la kurudi mjini, alipokuja Mzee Chilumba na kile kijitabu, kidole ameweka ukurasa wa pili.

"Hapa wameandika 'monkey'. Hili hata mimi nalijua. Nitume watu porini wamkamate?"

"Sijui, baba," nikasema. "Tumuulize Bi Somoe."

Akakaa karibu yangu, akakifunga kijitabu. "Basi na wazee wako waje tuzungumze," akasema, akaenda kubadilisha suruali.

Tangu hapo nimeapa, neno nisilolijua nitasema silijui, hata darasani, na nalisema mara nyingi kiasi kwamba mwalimu mkuu ameshaniita ofisini kuniuliza kama kweli nilifaulu chuo.