Vikapu vya Waya vya Chekeche

Shemeji yangu walimwita Chekeche, na jina lilimstahili. Kusuka machekeche ndiyo kazi pekee aliyoijua tangu hajaota ndevu: ya mafundi ujenzi ya kuchekechea mchanga, ya unga, ya wauza mkaa ya kutenga vumbi. Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba, mlango unatazama barabara. Ukipita asubuhi unamkuta kwenye kigoda, gunia magotini, koleo mkononi, anasuka waya kama mtu anayesuka nywele za bibi harusi. Sifa yake ilikuwa moja tu, tundu ndogo na zote sawasawa.

"Kwangu mimi," alikuwa akisema, "hata sisimizi anapita kwa ruhusa."

Watu wanacheka, wananunua. Mimi sikucheka. Nilikuwa najua kilichoko nyuma ya nyumba.

Nyuma ya nyumba mke wake, ambaye ni mdogo wangu wa kuzaliwa tumbo moja, alikuwa na tuta la maua, urefu wa mlango tu. Ni yale maua meupe ya shina refu, yanayoota kwenye kitunguu kama hiki cha kupikia, ila ukikila utatapika mpaka nyongo. Mama yetu ndiye aliyetuachia. Yangu yalikufa kwa uvivu wangu, nakubali. Yake yalikuwa yanaliwa na fuko, na fuko yeye hatapiki. Wala humwoni. Leo unamwagilia, kesho ua limelala, ukilivuta linakuja jepesi, chini hakuna kitu.

"Mume wangu," mdogo wangu alimwambia mbele yangu, "nisukie vikapu vya waya. Nitavifukia ardhini na kitunguu ndani, fuko akija agonge pua."

"Kesho."

"Hata vile vipande unavyotupa."

"Nimesema kesho, mama. Kwani kesho imekufa?"

Hiyo kesho ilichukua miaka kumi na tisa. Binti yao wa pekee akazaliwa, akasoma, akaenda mji mwingine kufanya kazi ya kufua shuka za hospitali, kesho bado iko njiani.

Mdogo wangu akahangaika mwenyewe. Alijaribu majivu, akajaribu pilipili, akafukia vipande vya chupa. Mwisho akapata makopo ya maziwa. Anatoboa matundu chini, anapanda kitunguu ndani, anafukia. Yalisaidia msimu mmoja, miwili, halafu yanaoza kwa kutu na fuko anaingia. Basi kila mwaka anayachimbua na kubadilisha. Mwaka wa kumi na tisa kopo likamkata kiganja, hapa chini ya kidole gumba. Akajifunga kitambaa. Mumewe alikuwa na oda ya machekeche thelathini. Alimwona anapita na kitambaa kimelowa damu, akamwambia, "Angalia usinichafulie waya."

Hayo sikuhadithiwa. Nilikuwa nimekaa mlangoni.

Siku ya tisa taya zikakaza. Pepopunda. Tunafika naye hospitali hata kijiko hakipiti kwenye meno, mgongo umepinda kama upinde. Alikufa siku ya kumi na mbili, akili zake timamu, anasikia kila tunachosema.

Kwenye mazishi binti yake alisimama mbele ya baba yake, hakulia. Akasema, "Baba, siku maua ya mama yakitoka juu ya hili kaburi, nipigie simu, nitakuja. Kabla ya hapo usinipigie hata kama unakufa."

Watu wakamshika mabega, pole mwanetu, pole, wakidhani ni uchungu unaongea. Mimi, mama yake mkubwa, nilimlea nusu ya utoto wake. Nilijua anachosema anakimaanisha.

Sasa Chekeche macho yalikuwa yameshaanza kumwisha. Miaka arobaini ya waya mbele ya pua, utategemea nini? Daktari alimwambia ana mwaka mmoja, ukizidi miwili, halafu giza. Akaja kwangu akasimama mlangoni, sikumkaribisha.

"Shemeji, nataka nimwone mwanangu kabla sijapofuka," akasema. "Sauti si uso."

Ndiyo akaanza kusuka vikapu. Mwanamume aliyekosa vipande vya kutupa kwa miaka kumi na tisa alikwenda kutafuta waya mpya, usioshika kutu! Akaenda nyuma ya nyumba, akachimbua vitunguu vilivyobaki kwenye makopo, kumi na kimoja. Vilikuwa vya mwisho vya mama yetu. Nami nilikwenda chumba chake cha kazi kumtazama, siwezi kusema nilikwenda kumsaidia.

"Hebu shika hiki, shemeji," akaniambia, ananipa kikapu. "Kuna fuko atapita hapo?"

"Leo ndiyo ile kesho imefika?"

Akapapasa mezani akachukua kingine. "Sasa nimefikiri. Fuko anatoka chini. Panya je? Panya si anafukua kutoka juu?"

"Anafukua."

"Basi na juu naziba."

Akatoa kifuniko alichokwisha kukisuka, tundu zilezile za unga, akakishona kwenye mdomo wa kikapu kuzunguka pote, koleo linalia kiki, kiki. Mtu yeyote aliyewahi kupanda ua lile anajua kwamba juu unaweka waya wa tundu kubwa, la kupita kidole gumba, au huweki kitu, maana chipukizi linatoka nene hivi. Mdogo wangu alijua. Mimi najua. Yeye hakuwahi hata mwaka mmoja kuinuka kwenye kigoda akalitazame likitoka, na ni hatua ishirini.

Akanipa kifuniko kimoja nikishike. Nikakigeuza, nikakitazama.

"Umesuka vizuri," nikamwambia. Nikaenda zangu.

Alivipanda vyote kumi na kimoja juu ya kaburi. Kila asubuhi anakwenda makaburini na fimbo, anapiga magoti, anapitisha kiganja juu ya udongo kama anayetafuta sindano. Mvua ikanyesha. Majani ya kila aina yakaota, yeye anayang'oa moja moja, kwanza analinusa asije akang'oa lenyewe.

"Huwa yanachukua muda gani, shemeji?"

"Wiki sita."

Sita zikapita. "Na kwa mvua hii?"

"Weka nane."

Kuna asubuhi nilimkuta anacheka peke yake. Mafuko walikuwa wametifua vichuguu kulizunguka kaburi lote, na yeye alikuwa anavipapasa kimoja kimoja. "Wamekuja wakashindwa!" akaniambia. "Wamegonga pua!" Mara ya mwisho kumwona anacheka ilikuwa hiyo.

Giza halikungoja mwaka wa daktari; wiki ya kumi na moja alikuwa ananitambua kwa sauti tu. Akaniambia leo tunachimbua. Akafukua kwa mikono, akatoa kikapu cha kwanza. Kizima, waya unang'aa, fuko hakuacha hata alama ya jino. Akakata kifuniko kwa mkasi wa bati, akaingiza vidole.

Chipukizi lilikuwa limetoka. Limepanda, limegonga waya, limegeuka, limezunguka kikapu mara mbili, tatu, jeupe kama utumbo wa kuku, halafu likaoza. Harufu ilinifika pale niliposimama. Chekeche alilipapasa polepole, mwanzo hadi mwisho.

"Lilitoka," akasema. "Lilitoka, shemeji. Likanikuta mimi."

Akanigeuzia uso.

"Wewe umepanda maua haya na mke wangu tangu mko wasichana. Na kifuniko nilikupa ukakishika."

"Nilikishika."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Nilitegemea anitukane. Nilikuwa tayari, majibu ninayo ya miaka kumi na tisa. Hakunitukana. Akachukua kikapu cha pili akakata, akapapasa. Cha tatu. Vyote kumi na kimoja, vyote vimeoza. Mkasi ulikuwa unamponyoka kwa kutoona, vidole vinachuruzika damu kwenye waya. Yale maneno yake yalinifika mdomoni, angalia usichafue. Nikayameza. Nilitaka yabaki yake.

Alikufa mwaka uliofuata, kipofu kabisa. Hakumpigia mwanawe simu hata mara moja. Alifuata alivyoambiwa. Niliyepiga ni mimi, maiti ikiwa tayari inaoshwa.

Binti akaja, tukazika. Kesho yake akaingia chumba cha kazi kukusanya vitu, akakuta vikapu vimepangwa ukutani, vifuniko vyake vimekatwa.

"Mama mkubwa, hivi ni vya nini?"

"Vya maua ya mama yako."

"Kumbe alipanda?"

"Alipanda."

"Yakatoka?"

"Hayakutoka."

Akachukua kifuniko kimoja, akakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akajaribu kupitisha ncha ya kidole kidogo, haikupita.

"Sasa chipukizi lingepita wapi hapa?" akasema. "Hakuna aliyemwambia?"

"Hakuuliza," nikamjibu.

Akanitazama. Baba yake mtupu yule, macho yale kabla hayajafa. Akakirudisha kifuniko ukutani taratibu, akachukua begi lake, akasema, "Haya, shikamoo mama mkubwa," akatoka. Namba yangu anayo. Hajapiga, na mimi sijampigia.