Stika ya Nusu Bei

Basi lilikuwa limeshapita handaki la pili, na Hatsue Mikuriya hakuitambua tena milima iliyokuwa dirishani. Miaka hamsini na saba ya kuishi katika mji wetu wa Nakatsuse, na upande huu hakuwahi kuwa na shughuli nao. Basi likasimama mbele ya kiwanda cha vyakula, jengo jeupe lisilo na madirisha. Meneja wa supamaketi yetu, Bwana Katsuragi, kijana anayeweza kuwa mwana wa Hatsue, akashuka kwanza na kumwinamia mlinzi, kisha akamwinamia aliyewaletea kofia za nailoni.

Ndani, mashine ilikuwa ikitoa katlesi za viazi. Zilipita juu ya mkanda zikiwa sawasawa kama vifungo vya shati, zikaingia kwenye baridi zikiwa laini na kutoka upande wa pili zimekuwa mawe. Hatsue, ambaye kwa miaka kumi na miwili alikuwa akikaanga katlesi kwa mkono katika kaunta ya vyakula ya duka letu, alipewa moja iliyopashwa moto. Akaitafuna muda mrefu, wenyeji wakimtazama mdomo.

"Vipi, mama?" akauliza mwenye kofia.

"Imeiva," akasema Hatsue. "Ila haina mtu ndani."

Wakati wa kurudi, meneja alinuna mpaka handaki la kwanza.

"Bi Mikuriya, kusema ni tamu kungekupunguzia nini?"

"Ulinileta nionje au nisifie, Bwana Meneja?"

"Nilikuleta uone kinachokuja." Akafuta miwani. "Makao makuu wanataka kufunga kaunta yako. Nimekuombea mpaka mwisho wa Februari. Nusu ya katlesi zikiuzwa kwa bei kamili, utabaki. Zisipouzwa, tunaleta hizi za barafu."

"Na mimi?"

"Tutaona."

Hiyo "tutaona" kila mtu wa kaskazini anaijua. Ni hapana iliyovaa tai.

Wasemao biashara asubuhi hawakuwahi kufika Nakatsuse majira yale ya baridi. Asubuhi Hatsue alichemsha viazi, akaviponda vingali moto, akatia kitunguu na nyama kidogo, akafinyanga. Saa nne katlesi themanini zilikuwa zimepangwa, zinang'aa, yeni themanini kila moja, na hakuna aliyezisogelea. Watu walipita, wakazitazama kama mtu anavyotazama gari la jirani, wakaenda zao. Biashara ilikuwa jioni. Saa kumi na mbili Hatsue alivua aproni ya jikoni, akavaa ya dukani, akatoka na rola la stika nyekundu zilizoandikwa nusu bei. Alichokipika kwa mkono wa kulia asubuhi, alikishusha thamani kwa mkono huohuo jioni. Na hapo ndipo duka lilipojaa.

Tulikuwa na mbinu zetu, hatuwezi kukana. Wengine walichukua pakiti ya katlesi saa kumi na moja wakazunguka nayo kikapuni, wakisoma maandishi ya chupa za sosi ambazo hawakuwa na nia ya kuzinunua. Wengine walizificha nyuma ya magunia ya mchele. Stika ilipotoka walimfuata Hatsue na vikapu vyao: "Na hii, dada, umeisahau." Hodari wa wote alikuwa Bi Tokunaga wa mtaa wa stesheni, mwanamke mwenye sauti ya kengele ya shule.

"Leo umechelewa dakika nne," alimwambia Hatsue siku moja.

"Zingekuwa moto ungezilipia kamili?"

"Subira huvuta heri, dada."

"Wewe imekuvutia nini?"

"Katlesi kwa yeni arobaini!" Watu wakacheka. "Siku moja ujibandike na wewe hiyo stika, labda utapata mchumba."

Hatsue, mjane wa miaka tisa, alibandika bila kuinua macho. Ila alianza kuhesabu siku. Wiki ya kwanza ya Februari, katlesi kumi na moja kwa siku kati ya themanini zilinunuliwa kabla ya stika. Wiki ya pili, tisa.

Siku ya ishirini ya mwezi aliwasha mafuta akiwa amekata shauri. Saa kumi na mbili ilipogonga akatoka na aproni ya dukani, mikono mitupu. Watu thelathini hivi walikuwa wamejipanga, makoti yao yakidondosha theluji sakafuni. Akasimama mbele ya kaunta kama mlinda lango.

"Leo hakuna stika," akasema. "Anayetaka katlesi ni yeni themanini. Asiyetaka, mlango ni ule."

Kwanza walidhani mzaha.

"Meneja anajua?" mtu akauliza.

"Meneja kaenda mkutanoni."

"Basi we mama umepata wazimu," akasema Bi Tokunaga, akisogea mbele na kikapu chake. "Bei ikishuka, analia mchuuzi na mnunuzi anacheka. Ndivyo dunia ilivyo. Kwani wewe ndiye mwenye duka?"

"Mwenye duka hapiki. Mimi napika. Kaunta hii inafungwa mwisho wa mwezi kwa sababu yenu, mnanisikia? Kwa sababu ya kusubiri kwenu!"

Ndipo alipomwona, nyuma kabisa, mzee aliyekuwa akijificha kwenye kivuli cha rafu ya sabuni. Mzee Oribe, mkulima wa viazi wa mlimani. Viazi vya duka hili vilikuwa vyake. Kikapuni alikuwa na katlesi mbili.

"Mzee Oribe!" Hatsue akaita. "Hata wewe? Unasubiri nusu bei ya viazi vyako mwenyewe?"

Mzee akavua kofia. "Nifanyeje, mama? Duka limenishushia bei ya gunia. Mara mbili tangu vuli."

"Limekushushia kwa sababu unasubiri!"

"Nasubiri kwa sababu limenishushia!"

Mtu mmoja alicheka, akaacha. Wale wawili walitazamana kama watu walioshika ncha mbili za kamba moja, na hakuna aliyejua nani aachie kwanza. Ilikuwa nafasi ya Hatsue. Nusu ya safu ilikuwa imeshusha macho. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni alishafungua pochi. Hatsue akaiona pochi ile, na akafanya kosa. Badala ya kunyamaza, akamgeukia Bi Tokunaga.

"Na mumeo yuko wapi saa hizi, shoga? Si kalala tu nyumbani tangu kiwanda alichofanyia kazi kifungwe? Nenda kamwambie na yeye asubiri, subira huvuta heri."

Lilikuwa pigo la chini ya mkanda, na duka zima lilivuta pumzi. Uso wa Bi Tokunaga ukawa mweupe. Sauti ya kengele ilipotoka, ilitoka kwa upole.

"Mume wangu alikuwa anatengeneza nini, Bi Mikuriya? Hebu waambie."

Kisha akawageukia watu yeye mwenyewe.

"Milango ya friji. Miaka ishirini na sita. Na friji lako limekufa lini?"

"Hilo halikuhusu."

"Limekufa miaka miwili sasa. Nyumba yako iko njiani, wote tunaona. Chupa ya maziwa inakaa nje ya dirisha kwenye theluji, na wakati wa kiangazi unanunua barafu kwa mwenye samaki. Dukani kwa mwenye mafriji nilikuuliza, ukanijibu kwa kinywa chako: nangoja, mwakani yatashuka bei tena." Akaweka kikapu sakafuni. "Ukangoja wewe. Wakangoja wa mji mwingine. Kiwanda kikafunga. Sasa unanitukana mume wangu kwa katlesi?"

Mwanamke mwenye mtoto alifunga pochi. Sauti ya klipu yake ilisikika mpaka kwenye kaunta ya samaki.

Tangu basi lile lipite handaki Hatsue alikuwa ameyapanga maneno mengi, juu ya watu wanaokausha mji kwa kusubiri, na kila neno sasa lilikuwa na chupa ya maziwa ndani yake. Akageuka. Akaingia jikoni, akarudi na rola. Akabandika katlesi ya kwanza, ya pili, ya kumi, mpaka ya mwisho, kisha akavifuata vikapu kimoja kimoja, cha Mzee Oribe, cha Bi Tokunaga. Hakuna aliyemwambia asante, naye hakumwinamia mtu. Dakika tano baadaye kaunta ilikuwa tupu.

Mwezi ulipokwisha, katlesi zilizouzwa bei kamili hazikufika hata moja katika nane. Mafundi wakaja kung'oa karai la kukaangia. Meneja akamwita Hatsue ofisini.

"Kuna nafasi ya saa tatu kwa siku. Kupanga rafu, kubandika stika za samaki. Malipo ya saa yatapungua kidogo."

"Nitafikiri."

Wiki moja baadaye akamwita tena. Nafasi ilikuwa ileile, ila saa zimekuwa mbili na malipo yameshuka zaidi. "Hali unaiona, Bi Mikuriya. Ukichelewa, sina uhakika na wiki ijayo."

Hatsue akamtazama kwa makini, kama anayemtambua mtu wa zamani.

"Bwana Meneja, unaningoja nichache," akasema. "Nimebandika miaka kumi na miwili. Saa ya stika naijua kukushinda."

Mdogo wake Hatsue alikuwa akiishi jijini Sendai, na hospitali moja huko ilihitaji mpishi. Mshahara haukuwa mkubwa, ila ulikuwa umeandikwa, na haukuwa umeandikwa kwa wino mwekundu. Alifunga nyumba. Dirishani hakuacha chupa.

Treni yake ilikuwa ya saa kumi na mbili na nusu jioni, na njia ya stesheni inapita dukani. Aliingia na begi lake kuchukua aproni ya jikoni aliyoishona mwenyewe. Pale ilipokuwa kaunta sasa palisimama friji refu lenye mlango wa kioo, limejaa katlesi za kiwandani, yeni sitini kila moja. Mbele yake tulikuwa tumesimama watu kumi na tano, vikapu mkononi. Mzee Oribe alikuwepo, ingawa duka lilikuwa halinunui tena viazi vyake. Bi Tokunaga alikuwa wa kwanza kwenye safu.

Wanawake wale wawili walitazamana.

"Nani anabandika siku hizi?" Bi Tokunaga akauliza mwishowe, akiangalia pembeni. "Saa imepita."

Hatsue aliikunja aproni mara nne, akaitia begini.

"Za barafu hazichachi, dada," akasema. "Hazibandikwi."

Akatoka. Mlango ulifunguka wenyewe, ukaingiza theluji kidogo, ukajifunga. Tulisikia treni ikija, tukaisikia ikiondoka. Hakuna aliyeondoka kwenye safu. Na Mzee Oribe, aliyekuwa karibu na mlango wa kioo, aliufuta ukungu kwa kiganja ili aione vizuri ile bei.